Bao la Kwanza

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Waliochukua jembe siku Mbithi na Kaloki walipogombana walilima hadi wakachoka. Waligombania ploti ya Kitengela kabla udongo wa kaburi la baba yao haujakauka. Mbithi, aliyekuwa mkubwa, aliondoka na kubadilisha namba ya simu. Kaloki hakubadilisha yake, lakini haikupigwa.

Mwaka 2022 Kaloki alikuwa na chumba cha gemu karibu na stendi. Intaneti ya kasi ilipofika, likaja gemu la mpira lililoruhusu mashine za gemu za kampuni mbili, mahasimu wa siku zote, zikutane uwanjani. Wachezaji hawakuweza kuandikiana kutoka mashine moja hadi nyingine. Yalivuka mabao tu, na jina alilojipa mchezaji. Siku moja Kaloki alikutana na mpinzani aliyesimamisha wachezaji wake wote mpaka afungwe, ndipo akaanza kucheza. Moyo ulimruka. Hiyo ilikuwa sheria ya mama yao, Nthambi, tangu enzi za drafti ya vifuniko vya soda: mkubwa humwachia mdogo bao la kwanza. Tangu hapo walialikana kucheza kila Jumapili, na hakuna aliyejitaja. Kiburi hicho!

Jumapili hii Nthambi alikuwa mochari, Kajiado. Alikata roho akimwita Mbithi. Mazishi yalikuwa Ijumaa, na mtoto asiyemtupia mama yake udongo hana pa kwenda kuomba msamaha.

"Niandike nini?" Kaloki aliuliza pale chumbani kwa gemu, akifungua sehemu ya kubadili jina.

"Andika mama ni mgonjwa," mkewe, Wacuka, alimwambia. "Mtu haambiwi kifo akiwa peke yake. Hiyo ingine ataambiwa akifika."

Alifuta jina lake, akaandika MAMA MGONJWA RUDI, akaingia uwanjani.

Wachezaji wa Mbithi walisimama kama kawaida. Kaloki hakufunga. Aliuacha mpira katikati, wake nao wakasimama, huku mashabiki wa gemu wakiendelea kuimba. Alizima sauti.

Mara mpinzani akatoka.

"Ameenda," Wacuka alisema.

Kaloki hakuinuka. Alingoja mpaka Mbithi akarudi, na jina jipya: TUNAZIKA LINI.

Kaloki alilia kwa sauti mbele ya wateja wake, bila haya. Kabla hajaandika Ijumaa, simu yake ililia. Namba ilikuwa ngeni. Mbithi hakuwa ameisahau ya mdogo wake.