Bodi ya Wilmar, Injini ya Heber

Injini ya gari la Wilmar Olivera ilinoki Jumamosi asubuhi, katikati ya Sarandí Grande, mbele kabisa ya duka la mikate, wakati mji mzima umepanga foleni pale. Ingefia porini, kama injini zenye adabu zao, mambo yangekuwa mepesi. Lakini gari la Wilmar halijawahi kufanya jambo bila watazamaji. Lilitoa mlio kama sufuria la vijiko linaloporomoka kwenye ngazi, likatema moshi mweupe, likanyamaza.

Mirtha, mkewe, alikuwa kwenye kiti cha pembeni, chupa ya maji ya moto kwapani na mkononi kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani ya huko kwao. Alimalizia kunywa taratibu, maana mate hayamwagwi kwa sababu ya msiba mdogo kama huo.

"Limepumzika," alisema.

"Ni kitu kidogo," alisema Wilmar. "Waya tu."

"Waya gani huo? Wa moyo?"

Ukweli Mirtha alikuwa anaujua. Tangu mwanzo wa mwezi taa nyekundu ya joto ilikuwa ikiwaka kwenye dashibodi, na Wilmar, mstaafu wa reli na mtu wa maamuzi, alilimaliza tatizo hilo siku hiyohiyo: alibandika juu ya taa picha ya Mtakatifu Cono. Katika mkoa wa Florida, ule wa Uruguay, Mtakatifu Cono ndiye anayeombwa na wacheza bahati nasibu. Kuhusu maji ya rejeta hajawahi kuahidi lolote.

Walivutwa kwa trekta hadi gereji ya Bruzzone. Fundi alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakitazama, akavua kofia.

"Wilmar, ndugu yangu. Hii si oili tena, ni kahawa ya maziwa. Maji yameingia ndani, na pistoni mbili zimeng'ang'ania."

"Kwa hiyo inatengenezeka."

"Hata mimi daktari wangu ananiambia natengenezeka. Anachoniuliza ni kama nina hamu ya kulipa."

Bruzzone akaeleza kwa utulivu. Injini mpya ya gari la namna ile haitengenezwi tena popote duniani. Kuukuu zipo Montevideo, lakini bei yake inazidi bei ya gari lenyewe, na hakuna anayejua zimepitia mikono ya nani. Kuifumua ile iliyokufa na kuiunda upya ni kazi ya majira yote ya baridi. Au wamwite mtu wa vyuma chakavu, walie kidogo, waende nyumbani.

"Ipo nyingine moja," aliongeza, akitazama sakafu. "Nzima kabisa. Iko hapahapa mjini. Lakini siitaji."

"Usiitaje," alisema Wilmar.

Hakuitaja. Hakukuwa na haja. Injini hiyo ilikuwa ndani ya gari la Heber, mdogo wake Wilmar, na Wilmar na Heber walikuwa hawasemeshani.

Ndugu hawa wawili walinunua magari yao siku moja, kwenye duka moja, aina moja, rangi moja ya buluu, kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa tayari kumwona mwenzake akipita na kitu kizuri zaidi. Kwa miaka mingi mapacha hao wa bati walizunguka mjini bila balaa. Kisha mama yao akafa. Siku ya maziko, kila mmoja aliona ni yeye anayestahili kuwa wa kwanza nyuma ya jeneza, na hakuna aliyepunguza mwendo. Wakafika pamoja kwenye lango la makaburi, lango lililojengwa kwa ajili ya gari moja, wakakwama humo ubavu kwa ubavu, milango haifunguki, mmoja anapiga honi na mwingine anamjibu kwa honi. Wilmar alitokea dirishani. Heber alitokea mlango wa nyuma, ule wa mizigo. Padri alilizunguka tukio lile kwa kupanda ukuta. Mama yao, ambaye maisha yake yote aliwaambia waache ujinga, safari hii hakusema kitu.

Tangu siku hiyo ikawa kimya. Bodi ya gari la Heber ilikuwa imeoza, maana aliliegesha chini ya mikaratusi, mvua na majani vikajilia. Mkewe Zulma aliweka miguu juu ya ubao ili asione barabara ikipita chini yake. Lakini injini ilikuwa jambo jingine. Heber alibadilisha oili kama watu wengine wanavyobadilisha shati.

Mirtha hakuhuzunika. Kusema kweli, usiku ule alilala kama mtu aliyeondolewa jino. Miaka yote ya ndoa alikuwa amesafiri ndani ya lile gari na blanketi magotini, kwa sababu hita ilikufa mapema na Wilmar alikuwa na maoni kwamba hita zinalegeza watu. Jumatatu alipanda basi hadi Florida mjini, kwenye uwanja wa kuuzia magari, akaonyeshwa gari dogo jeupe kutoka Uchina. Muuzaji, mwanamke mmoja mrefu aitwaye Ivonne, aliwasha hita. Joto likampanda Mirtha magotini, likafika kifuani. Hakuwa mtu wa kulia kwa ajili ya vitu, lakini alikaa humo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Aliporudi alimkuta Wilmar jikoni, anazungumza na ukuta.

"Mimi kwa Heber siendi," alisema. "Hilo lieleweke. Lakini wewe ukiwa unapita pale, kwa bahati tu..."

"Kwa bahati? Mwisho wa mji, baada ya ghala la pamba ya kondoo, kwenye njia isiyokwenda popote?"

"Watu wanatembea, Mirtha. Ni afya."

Alikwenda, kwa ajili ya Zulma zaidi kuliko gari. Wake hao hawakuwahi kugombana. Walikuwa wakikutana kwa mshona nguo kila wiki na kuwasengenya waume zao kwa haki na usawa. Heber alimpokea mlangoni, mikono nyuma.

"Karibu, shemeji. Nimesikia yule bwana limemfika."

"Mji mzima umesikia, shemeji. Lilikuwa na sauti."

"Alifanya nini, alifunika taa?"

Mirtha akafuta viatu kwa bidii. Uaminifu wa ndoa una mipaka, lakini upo.

"Mwambie hivi," alisema Heber. "Anayehitaji injini ni yeye. Mimi nahitaji bodi. Basi anipe bodi yake, niiweke juu ya injini yangu."

"Hicho ni kitu kilekile," alisema Zulma kutoka jikoni.

"Si kilekile hata kidogo."

Mirtha alirudi na ujumbe. Wilmar akauona wa matusi. "Bodi juu ya injini? Tangu lini? Injini ndiyo inaingia kwenye bodi. Ndiyo maana boneti inafunguka kwa juu." Kesho yake Mirtha alirudi tena upande wa pili. Heber alikuwa amelala na wazo hilo na kuamka na sharti. Injini angeitoa bure, kama zawadi, ila Wilmar aseme mbele ya mashahidi kwamba siku ile kwenye lango, yeye Heber ndiye aliyekuwa mbele.

"Mbele kwa kiasi gani?" aliuliza Mirtha, ambaye sasa hakuna kilichomshangaza.

"Kiasi cha taa ya mbele. Si zaidi. Mimi ni mtu wa haki."

Wilmar alisema heri aende kwa miguu mpaka Brazili. Heber, alipopelekewa habari hizo, alimtakia safari njema na kumshauri avae soksi nene. Hivyo ndivyo wazee wawili wenye wajukuu walivyoutumia mwezi Juni, na Mirtha katikati yao, viatu vimeisha upande mmoja.

Siku mvua ilipomnyeshea njiani, aliingia ndani na kuvua koti, na hakukaa.

"Wilmar, nimechoka kuwa posta. Alhamisi Ivonne analeta lile gari jeupe. Nikiridhika nalo, nalichukua, na hili lako mtu wa vyuma atalifuata kwa Bruzzone."

"Kwa pesa gani?"

"Za kwangu. Zile za miaka yote niliyopikia watoto wa shule, ambazo ulisema ni za kaburi langu. Nimeamua kuzitumia nikiwa hai, nione zinavyofanana."

Haikuwa mbinu. Watu walipomsifia baadaye kwa akili nyingi, aliwaacha waamini, lakini alikuwa akilitaka gari lile kweli, kwa roho yake yote.

Zulma alisikia habari kwa mshona nguo, na Heber akaisikia kwa Zulma. Alhamisi, Ivonne alipoegesha gari jeupe mbele ya nyumba, Heber alitokea kwenye kona, kwa miguu, amevaa koti la kwenda kanisani. Alikuwa hajaukanyaga mtaa ule tangu maziko. Alisimama upande mmoja wa gari, Wilmar upande mwingine, wote wamekunja mikono kwa namna ileile, kama mtu na kioo.

Heber ndiye aliyeanza, akimwelekea Ivonne.

"Samahani, mama. Hiyo boneti inafunguka, au ni pambo?"

Ivonne aliifungua. Ndani kulikuwa na kifuniko cheusi cha plastiki, safi, kimya. Ndugu wawili wakainama.

"Injini yenyewe iko wapi?" aliuliza Wilmar, akizungumza na hewa.

"Labda waliisahau kiwandani," alisema Heber, naye akizungumza na hewa.

"Itakuja kwa posta."

"Pamoja na bati. Hebu gonga hapo."

Wilmar akagonga. "Bakuli la saladi."

"Bakuli la saladi lina uzito."

Wilmar akacheka. Alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, lakini kilikuwa kimeshatoka na Heber alikuwa amekiona. Kuanzia hapo walisahau kwamba hawasemeshani. Walilishambulia gari la watu kuanzia taa hadi matairi, wakikamilishiana sentensi, wakikumbuka magari ya baba yao, wakimweleza Ivonne, kwa upole wa kutisha, kila kitu alichokosea maishani hadi kufikia kuuza kitu kama kile. Ivonne alisikiliza mpaka mwisho, akamwonea Mirtha huruma kwa macho.

Mirtha alisimama kizingitini. Alielewa kwamba ameshindwa, tena ameshindwa na watu ambao dakika kumi zilizopita wasingeazimana kiberiti. Hata hivyo alichukua mkoba wake.

"Twende tuzunguke, Ivonne."

"Lakini bibi, kama hununui..."

"Sinunui. Nataka kuzunguka."

Wakazunguka uwanja wa mji mara kadhaa, hita imefunguliwa mpaka mwisho, Mirtha amefumba macho. Aliporudi, aliwakuta wale wawili wameketi kwenye ukingo wa barabara wanapokezana kibuyu cha mate, wakichora injini kwa kijiti kwenye udongo.

"Sikilizeni nyote wawili," alisema. "Injini itaingia. Au bodi itashuka, sijali. Lakini hita ya Heber nayo inahamia, na itafanya kazi. Na kiti cha mbele ni changu, mwenye kulegea alegee."

"Hita yangu ni nzima kabisa," alisema Heber kwa fahari.

"Basi wewe ndiye mwanamume niliyekuwa nikimtafuta, shemeji."

Kazi ilifanyika kwa Bruzzone. Magari mawili ya buluu yaliwekwa tena ubavu kwa ubavu, safari hii boneti wazi na nafasi ya kutosha ya milango. Bruzzone alikubali wamsaidie kwa sharti la kunyamaza, sharti ambalo lilidumu mpaka alipomaliza kulisema. Walibishana kuhusu mnyororo wa winchi, kuhusu gasketi, kuhusu nani mwenye mkono mwembamba wa kufika kwenye boliti ya nyuma. Mirtha na Zulma walipeleka keki za kukaanga na kukaa juu ya matairi kuangalia.

Injini ilipokuwa inashushwa, inaning'inia kwenye mnyororo, Wilmar alikuwa ameingiza kichwa na mabega yote chini ya boneti, akiielekeza kwa mikono. Sauti yake ilitoka humo ndani, nzito.

"Ilikuwa taa."

"Nini?" alisema Heber.

"Pale langoni. Ulikuwa mbele kwa kiasi cha taa. Labda nusu taa."

Bruzzone aliuzuia mnyororo. Zulma akamshika Mirtha mkono. Heber alikaa akifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, ingawa vilikuwa vimeshakuwa safi.

"Nipe spana ya kumi na tatu," alisema hatimaye. "Na usiilazimishe hapo, utavunja masikio yake."

Hayo tu. Hawakukumbatiana. Wilmar hakutoa kichwa kwa muda mrefu, na alipokitoa alilalamika kwamba mafuta yamemwingia machoni.

Gari liliwaka kwa jaribio la pili na linatembea mpaka leo, kama kunguruma na kutetemeka kwenye kila kona ndiko kutembea. Linatumia petroli ya magari mawili, jambo ambalo wenye nalo wanaliona la haki. Wilmar analiita gari lake. Heber analiita injini yake, na huja kila Jumapili kuisikiliza. Pocha, jirani, alimuuliza Mirtha kama kweli ilikuwa busara kuweka moyo mpya kwenye mzoga ule.

"Busara hapana," alisema Mirtha. "Busara ilikuja hapa Alhamisi moja, nyeupe, ikaondoka zake."

Jumapili iliyopita alipika ravioli. Alipakua, akatoka uani. Miguu minne ilikuwa imejitokeza chini ya gari, viatu vya aina moja, na kutoka chini kulikuwa na mabishano kuhusu tone la oili: ni la bodi au la injini. Akawaita. "Tunakuja," walijibu kwa pamoja. Baadaye akawaita tena, wakajibu vilevile.

Mirtha akarudi ndani, akafunga mlango wa uani kuzuia baridi. Zulma alikuwa ameshakaa mezani na kumimina divai.

"Tuwasubiri?" aliuliza Zulma.

"Niletee jibini," alisema Mirtha, na wakaanza kula.