Haruhusiwi Kukaa

Saa moja asubuhi injinia wa madaraja alikuwa jikoni akimsuka binti yake, mtoto wa miaka tisa, ambaye alikuwa amesimama juu ya meza. Hapakuwa na namna nyingine. Mama alikuwa hewani, dhiraa nzima kutoka sakafuni, na kiti kilikuwa hakimpokei. Mtoto yeye alikaa popote alipotaka, maana viza yake ya ugeni ilisema: anaruhusiwa kukaa siku kumi na nne. Leo ilikuwa ya kumi na nne.

Viza ya mama ilikuwa ya aina yake. Alikuja kwa mkataba wa biashara wa nchi za kanda, ule wenye orodha ya fani sitini na tatu, injinia wa madaraja ikiwa ya arobaini na moja. Kibali cha muda, mwaka mmoja mmoja, na chini yake muhuri wa bluu: KUFANYA KAZI TU. HARUHUSIWI KUKAA. Aliyeuchonga alikusudia kukaa kwa maana ya kuishi. Lakini neno ni neno, na viti havijui nia ya mtu. Mwaka wa kwanza alielea wanda mmoja, upana wa kidole, akadhani ni viatu vipya. Wa pili, shibiri. Wa tatu, dhiraa. Usiku alilala juu ya kitanda bila kukigusa, blanketi likining'inia pande zote. Mama yake mzazi akipiga simu kumwambia apumzike, akae kitako, alijibu "naam, mama," asije akampandisha presha bure.

Kampuni ilifurahi, kwa nini isifurahi? Iliacha kukodi majukwaa. Injinia alitembea hewani chini ya daraja, mto ukipita miguuni pake, akigonga zege kwa nyundo ndogo na kusikiliza palipo na uwazi. Mafundi waliacha kuchanganya saruji wakamtazama. Walimpenda na walimwogopa kidogo, na mmoja wao, mzee wa nondo, alilia kila mara bila kujua sababu. Walimwita Mkubwa, kwa kuwa yuko juu. Mshahara wake ulikuwa wa chini.

Alitaka kitu kimoja tu: ukaazi. Mkaazi huruhusiwa kuleta mtoto wake. Basi asubuhi ile akamshika binti mkono, wakaenda ofisi ya uhamiaji, dirisha la nne.

Karani alikuwa mtu mwema. Alisoma kila karatasi, akasifu picha.

"Dada, mambo yako yote safi," alisema. "Kasoro ni kifungu cha tisa. Mwombaji awe amekanyaga ardhi ya nchi hii miaka mitatu mfululizo." Akainuka, akachungulia chini ya dirisha. "Na wewe hujakanyaga."

"Ni muhuri wenu ulioninyanyua."

"Ninaona, dada. Hata bosi wangu anaona. Kifungu ndicho hakioni."

Akamwuliza kwa upole kama angependa kuongeza mwaka mwingine kwa masharti yale yale. Injinia alifikiria kurudi kwao. Kule madaraja hujengwa na mainjinia wa kutoka nje, na inasemekana nao wanaelea. Akasema agonge.

Muhuri ulipotua, injinia alipanda polepole, sketi ikipepea, mpaka kichwa kikagusa dari. Ilikuwa pima nzima. Wanaume kwenye foleni wakavua kofia, na bibi mmoja akasema Mungu ni mkubwa, kisha akauliza kama dirisha la pili limefunguliwa. Binti alinyoosha mkono akasimama kwa vidole vya miguu. Mama akainama mpaka kiuno kikamuuma. Mikono haikukutana.

Injinia alihisi uchungu mkali, kama wa siku ya kujifungua, na hakuuficha. Machozi yake yalidondoka kwenye nywele alizozisuka mwenyewe.

Mtoto alitafakari. Akapanda benchi, akalegeza kamba ya kiatu cha mama yake, akaivuta yote iliyoweza kuvutika, akazungusha ncha kwenye kidole. Mama akapita mlangoni amelala hewani, wakatoka kuelekea kituo cha basi. Basi la kumrudisha mtoto kwao lilikuwa linaondoka saa sita.

"Mwakani nitakuja na kamba ndefu," binti alisema.

Mama akamwambia alete ya katani, maana ya plastiki hukata mikono.