Stendi Iliyomwamkia Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Kariakoo, kwenye duka la stendi za simu na kamera. Stendi zenyewe zilikuwa zimekaa kwenye viti kama wazee wa posa, zimevaa suruali za miguu mitatu zilizopigwa pasi vizuri. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi sikuona.

Nilikuwa na haja ya kweli. Jumamosi ni send-off, sherehe ya kumuaga dada yetu Tunu kabla ya ndoa, hapa Dar, na Mama yuko Korogwe, nyonga imevunjika. Ndugu zangu wawili, Kaniki na Kibwana, walikaa kikao, wakanywa soda, wakaamua Mama asisumbuliwe na safari. Ataangalia kwenye simu. Mkaja wake, ile zawadi ambayo upande wa bwana harusi humpa mama kwa tumbo lililombeba binti, ataupokea shangazi kwa niaba yake. Mimi kikao kilinipita. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini kwetu asiyekuwapo hupewa kazi. Nikateuliwa mtu wa video.

Wiki mbili nzima nikalinganisha stendi mtandaoni. Gramu za kila moja nazijua kwa moyo. Jana mchana nikanunua moja ya kijivu, nikaiweka mezani na boksi lake bila kulifungua. Ndotoni, hata hivyo, nilikuwa sijanunua kitu.

Muuzaji ni feni ya mezani. Kila nikitaja bei, inatikisa kichwa.

"Nataka nyepesi," nasema.

"Nyepesi kiasi gani?"

"Kabisa."

Stendi moja inainuka kitini, inapaa polepole, inagonga dari na kubaki huko huko.

"Hiyo ndiyo nyepesi kabisa," feni inasema. "Ukiitaka, njoo na ngazi."

Pembeni kuna stendi ndogo ya kijivu, suruali yake imepauka magotini. Inakohoa kidogo kabla ya kusema.

"Mimi nabeba nusu kilo."

"Simu yangu haifiki hata robo," nasema, na kwa kweli nilijivunia jibu hilo.

"Ipime."

Naiweka kwenye mizani. Kilo arobaini.

"Imekula nini?" feni inauliza.

Simu inaona aibu, kisha inatapika kila kitu juu ya kaunta. Zinatoka picha elfu tatu za sahani za biriani, hazina uzito wowote, feni inazipeperusha hadi mlangoni. Yanatoka maua ya asubuhi njema kutoka kundi la WhatsApp la kamati ya send-off, nayo yanapeperuka. Halafu zinaanza kudondoka jumbe za sauti za Mama, moja moja, kwa kishindo cha gunia la mahindi. Kumi na saba. Kaunta inapasuka.

"Hizi hujazisikiliza," stendi ya kijivu inasema.

"Mama ana maneno mengi. Nilikuwa nazitunza nizisikilize nikitulia."

"Umetulia wiki mbili ukisoma uzito wangu."

Feni ikatikisa kichwa, na safari hii sikuwa nimetaja bei.

Nageuka nitoke, na nje ya mlango si Kariakoo. Ni chumba cha Mama, Korogwe. Amekaa kitandani, mguu juu ya mto. Stendi ya kijivu imenitangulia, imefika kitandani, imekunja magoti yote matatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Ni wepesi tu, mama. Ndio sifa yangu."

"Na huyo nyuma yako ni nani?"

"Huyo ni mtu wa video."

Nataka kusema ni mimi, Mhina, kitinda mimba wako. Lakini mdomo wangu umefunikwa na kifuniko cheusi cha lenzi ya kamera, na kila nikikivuta kinakaza. Mama ananitazama kama anavyowatazama watu wa kusoma mita za maji. Uchungu ulinipata hapo.

"Mwambie," anaiambia stendi, "tumbo lililombeba Tunu ni hili. Shangazi yake hakumbeba hata siku moja. Sasa atapiga picha tumbo la nani?"

"Sijui, mama. Mimi ni wa kusimama tu."

"Wanasema figa moja haliinjiki chungu. Mimi ninayo matatu, niliyazaa mwenyewe, na yote yako Dar yananitafutia stendi. Kunibeba juu ya kiti wanashindwa nini? Kuna aliyeniuliza?"

Stendi inafikiri. Kisha inajishusha mpaka sakafuni.

"Panda, mama."

"Imeandikwa nusu kilo!" napiga kelele ndani ya kifuniko.

"Hiyo ni ya simu," stendi inajibu. "Ya mama haikuandikwa."

Mama akapanda. Stendi ikainuka naye, haikutetemeka hata mguu mmoja, ikatoka naye mlangoni kuelekea barabara ya lami. Mimi nikabaki nimeshika mto.

Nikaamka nimeshika mto. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Boksi lilikuwa pale pale mezani, utepe wake haujaguswa. Nikacheka, nikalifungua ili niache upuuzi. Stendi ilikuwa imejikunja kwa adabu, na kwenye vile viatu vyake vitatu vya mpira kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi.

Nikachukua simu. Jumbe za Mama zilikuwa kumi na nane. Ya mwisho ilikuwa imetumwa saa kumi na moja alfajiri. Nikaifungua hiyo kwanza, nimesimama.

"Mhina, yule mgeni wako mwembamba ana adabu sana, ameniamkia kwa magoti. Kanga zangu nimeshampa jirani anipigie pasi. Nawasubiri wote watatu, mje na kiti. Na wewe mtu wa video, ukifika uanze na shikamoo."