Kikombe cha Posha

Kikombe cha Posha wakwe zake walikifunga kwenye kitambaa kwa mafundo, kama mtu anavyofunga panya aliyekufa akamtupe. Sahani nayo hivyo hivyo. Na juu ya furushi wakaweka kangri yake, chungu chake cha makaa kilichovikwa kikapu, ile ya arusi ambayo mume wangu Lassa aliisuka kwa fito za rangi siku dada yake alipoolewa. Majivu yalikuwa bado ndani. Wakamshusha Posha mlangoni kwangu kwenye theluji, gari likageuza, hata salamu hakuna.

Niseme ukweli, mimi na wifi yangu Posha hatuivi chungu kimoja. Tangu nilipoolewa na kaka yake anasema chai yangu ya chumvi ni maji ya kuoshea vyombo. Lakini kumrudisha mtu kwao kama gunia la viazi vilivyooza! Na baridi ile!

"Ingia basi, unangoja mwaliko?" nikamwambia.

"Mama mkwe kasema nitawaambukiza," akasema, amesimama kizingitini hataki kukanyaga mkeka. "Urfana wamembakiza. Kasema nisimguse tena."

Urfana ndiye binti yake wa pekee, wa kuzaliwa baada ya miaka ya kudhaniwa tasa. Nilimvuta Posha kwa mkono, nikamkalisha kwa nguvu, nikamwambia nionyeshe hicho kidonda.

Kilikuwa pajani, upande wa ndani, kimeinuka kingo, katikati kinatoa maji. Kilianza baridi ya mwaka juzi, kigaga tu. Akakificha, maana paja si kitu cha kuonyesha watu. Kilipokataa kupona alimwambia mama mkwe wake, Rahti. Huyo akamletea hirizi ya pir, shehe wa kuombea wagonjwa, akampa na dawa: apake majivu ya kangri, kisha asogeze makaa karibu ili kidonda kikauke. Asogeze! Mtu kaunguzwa na moto, unamwambia akumbatie moto! Astaghfirullahi.

Lakini sikuwa nimejua hayo siku ile. Niliyajua mjini, kwa daktari, baada ya kumburuta Posha huku akilia kwamba mwanamume atamwona. Daktari alikuwa mwanamke, tena kijana. Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida yake. Mito yetu inazungusha mitambo ya umeme mchana kutwa, na sisi tunakaa gizani. Halafu waje watuulize kwa nini tunakalia makaa! Daktari alikata kipande kidogo cha kidonda akakipeleka kupimwa, na tuliporudi kuchukua jibu akatuambia bila kuzunguka: saratani ya ngozi.

"Nimekosa nini mimi?" Posha akauliza.

"Hujakosa kitu, dada. Unaweka kangri wapi?"

Posha akamtazama kama kaulizwa kichwa chake anakiweka wapi. Wapi tena? Ndani ya pheran, joho letu la baridi, kati ya mapaja, kama kila mtu kuanzia tunapoanza kutembea. Tena daktari mwenyewe alikuwa nayo, nimeiona chini ya meza! Nikamwambia.

Akacheka. "Yangu ya mikono, mama. Haigusi ngozi."

Kisha akatueleza, na ninamshukuru kwa kuwa alieleza kama anaongea na watu wazima. Mwili, alisema, ni seli, vijipande visivyoonekana kwa macho. Kila seli imebeba maagizo: igawanyike lini, iache lini, ife lini. Ngozi ikiungua, seli za jirani hugawanyika kuziba pengo, na kila zinapogawanyika maagizo hunakiliwa upya. Posha kaungua kidogo kidogo kila baridi tangu utotoni. Anaungua, anapona, anaungua tena. Katika kunakili kote huko makosa yakaingia, kosa juu ya kosa, mpaka seli moja ikapoteza agizo la kuacha. Ikazaa zinazofanana nayo, nazo zikazaa.

"Kama kwenye zulia," nikasema. Baba yangu alikuwa mfumaji. Msomaji wa mchoro anaimba rangi, wafumaji wanafunga mafundo. Msomaji akikosea na asipatikane wa kumrekebisha, ua zima linakwenda upande.

"Hivyo hivyo, mama. Mwilini wapo warekebishaji, na makosa mengi wanayakamata. Moja moja linawaponyoka."

"Na aliyemwambukiza ni nani?"

"Hakuna. Zipo saratani zinazoanzia kwa virusi, zipo za tumbaku, zipo za kurithi, na nyingine ni bahati mbaya tu. Lakini seli hizi ni za Posha mwenyewe. Haziruki kwa kikombe, haziruki kwa mkono, hata alale na mwanawe shuka moja." Akamminya Posha kinenani, taratibu. "Tezi za hapa bado nzuri, saratani haijafika huku. Tukikata sasa, nina matumaini makubwa. Tukingoja baridi iishe milozi ichanue, siahidi kitu."

Mimi nikasema kata. Posha akasema hapana.

"Sikatwi kabla sijamwona Urfana. Nikifia mezani, ataambiwa mamake kafa kwa uchafu, naye ataamini."

Nilimsihi, nikamtukana, nikamsihi tena. Ukaidi wa ukoo wao naujua, nimeolewa nao. Nikampigia simu mumewe, Nabir, aliyekwenda Kolkata kuuza shali kama kila baridi. Akanijibu, "Mambo ya nyumbani mama ndiye anayajua." Mwanamume mzima, ndevu hadi kifuani! Nikamkatia.

Basi kesho yake nikaenda mwenyewe kwa Rahti. Nilimkuta kakaa na majirani wanavunja kokwa za jozi, samova ya chai inachemka, kila mmoja pheran yake imefura tumboni kwa kangri iliyomo. Urfana alikuwa pembeni anaokota maganda.

"Funga mlango, unaingiza baridi," Rahti akasema.

"Nimemfuata mtoto. Mamake anamtaka."

"Mtoto haendi popote. Kwenu kuna ugonjwa."

"Ugonjwa umetoka kwenu, Bi Rahti. Kwetu mmeuleta kwa gari."

"Umetoka kwenye kangri ya mumeo!" akafoka. "Iliyosukwa kwa kijicho. Mimi nilisema tangu siku ya arusi, rangi zile si za heri."

Hapo damu ikanipanda. Mume wangu, toka asikie neno la daktari, hajagusa fito. Anakaa anazitazama tu, na ndizo zinazotulisha. Halafu huyu bibi, makaa yanamfuka miguuni, ananiambia kijicho! Nikawaeleza yote, seli, maagizo, kuungua na kupona, kosa linalorithiwa. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, na leo kimo nguoni kweli.

"Mbona mimi nimekalia moto miaka yote na ni mzima?" akauliza Freechi, jirani mnene mpenda utani. "Au mimi nimeiva tayari?"

"Si kila avukaye barabara hugongwa. Lakini aliyegongwa alikuwa barabarani."

Nikaona maneno hayatoshi. Nikafunga mlango kwa komeo, nikainua pheran yangu, nikateremsha suruali mbele yao. Pajani pangu pana mabaka ya kahawia ya kuungua, yaliyosukana kama wavu. "Haya. Nani hana?"

"Makubwa! Saja kawa kichaa," Freechi akasema, huku anainua yake. Wavu ule ule, mweusi kuliko wangu. Mwingine akainua, na mwingine. Kicheko kikawatoka, halafu kikakatika, kwa sababu kila mmoja alikuwa anautazama wa mwenzake.

Rahti peke yake hakuinua.

"Nyanyua, Bi Rahti, hakuna mwanamume humu," Freechi akamtania.

"Mimi ni mtu mzima, sina upuuzi huo."

"Bibi ana kidonda," Urfana akasema kule pembeni. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya chumvi. "Ni kama cha mama. Kila asubuhi namwosha, namtia majivu, namfunga kitambaa. Alisema nikienda kwa mama hatakuwa na wa kumfunga."

Mimi niliyazungusha maneno yale kichwani mara mbili ndipo yakaniingia. Loo! Anamfukuza mama eti atamwambukiza mtoto, na vidole vya mtoto huyo huyo ndivyo vinavyoosha usaha wake! Alijua haiambukizi? Au aliamini, na bado akampa mtoto? Sijui lipi baya zaidi. Nilimuuliza. Akajifunika uso kwa ushungi.

Nilitaka kumwacha. Wallahi nilitaka. Mficha maradhi kilio humfichua, acha kimfichue. Nikamvalisha Urfana viatu, nikafika mlangoni, nikasikia mwenyewe mdomo wangu unasema: "Kesho asubuhi gari linapita. Ukitaka kupona uwe barabarani. Na kangri uiache."

Alikuwa barabarani.

Posha alikuwa hajamwachia mwanawe tangu jana yake. Alilala amemkumbatia, na njia nzima ya mjini alimpakata ingawa miguu ya msichana ilifika chini. Rahti alikaa mbele, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Hospitalini foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimebeba chai kwenye chupa, ila vikombe nilisahau. Posha akafungua furushi lake, akafungua lile fundo la kitambaa, akatoa kikombe. Akanywa kwanza, akakunja uso kwa chai yangu kama kawaida yake. Akampa mwanawe, akanywa. Kisha akamimina tena, akamnyooshea Rahti.

"Kunywa, Mama. Haiambukizi."

Yule bibi alikipokea kwa mikono miwili. Alitazama ukingo wa kikombe, pale midomo ya Posha ilipopita, akakileta kinywani. Posha labda alikuwa amemsamehe. Mimi, hapana.

"Maliza yote," nikamwambia.