Ndama Mwenye Mwavuli

Usiseme hukumwona. Ulipita na baiskeli asubuhi ile ya msimu wa kuvuna, ukamkuta mwanamke anaburuta sanduku la majani ya chai kwa kamba ya katani kuelekea ghala la pamba, jasho linamtoka, ukainamisha kichwa ukaanza kukagua mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote. Na si wewe peke yako. Kijiji kizima, huku nyuma ya Didia, kilikuwa na minyororo ya kukagua siku hiyo.

Nyamizi hakumwita mtu. Aliburuta. Akipumzika, anapumzika amekalia lile sanduku. Akiinuka, anaburuta tena.

Mlangoni mwa ghala alimkuta Mabula, mwenyekiti wa kijiji, ameshika funguo kidoleni akizizungusha.

"Mwangaluka, Mama Justa. Umetuletea jeneza la panya?"

"Mwangaluka, Mwenyekiti. Fungua mlango."

"Nimesikia ni televisheni. Watu wanasema umetengeneza televisheni ya karatasi." Alichungulia ndani ya sanduku. "Betri unaweka wapi?"

"Betri ni mkono wangu. Fungua, wenye watoto wanakuja."

Mabula alifungua, maana alikuwa ameahidi mbele ya mkutano, na ahadi ya mkutano ina mashahidi. Lakini alirudia masharti, polepole, kama anayemsomea mtoto. Ghala ni la pamba. Leo limekaa tupu kwa sababu ununuzi haujafunguliwa. Watoto wasiofikia umri wa shule watakaa humu mama zao wakivuna. Mtoto mmoja tu akionekana shambani kabla rimu ya gari, kengele ya kijiji, haijagongwa jioni, habari ya chekechea imekwisha, wala isiletwe tena mkutanoni mpaka mwakani.

"Mmoja tu," alisema Mabula. "Nawajua watoto wa hapa. Mbuzi wanakaa kuliko wao."

"Mbuzi wanafungwa kamba," Nyamizi alijibu. "Mimi sifungi mtu."

Sababu ya yote haya unaijua, hata kama umeamua kuisahau. Msimu uliopita Sikujua, mke wa Anatoli, alimlaza mwanawe Mageni kwenye gunia kivulini, pembeni ya shamba, akaingia kwenye matuta kuvuna. Mtoto wa miaka mitatu. Aliamka, hakumwona mama, akaanza kumtafuta katikati ya mipamba iliyomzidi kimo. Walimkuta saa tisa alasiri, kwenye maji ya lambo. Kila mtu aliyekuwa shamba lile alikuwa na mikono iliyojaa pamba. Msibani wakasema ni mapenzi ya Mungu, wakala, wakanawa, wakaondoka. Nyamizi alikaa matanga hadi mwisho na kitu kimoja kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: zamu ya kumwangalia yule mtoto haikuwa ya Mungu. Ilikuwa yetu.

Watoto walifika, mgongoni na mkononi, kumi na saba. Mama zao waliwatua kwenye magunia matupu, wakaondoka wakitazama nyuma. Nyamizi alihesabu wakiingia, akamtajia Mwenyekiti. Kisha akaweka sanduku juu ya mizani ya kupimia pamba, akafunga mlango nusu ili hewa ipite, akashika pedeli iliyotokeza ubavuni mwa sanduku.

Kuwafanya watoto wakae alijifunzia ugenini. Kwa miaka miwili alikuwa yaya kwenye kambi moja ya watafiti wa dhahabu, huko mbele ya Ushirombo. Bosi wake alikuwa na televisheni na mashine ya kanda za video, vyote vikila jenereta, na mtoto wa kiume wa miaka mitatu aliyekuwa anang'ata watu. Alimng'ata Nyamizi, akamng'ata mpishi, akamng'ata mbwa. Kitu kimoja tu kilimtuliza: kanda ya michoro inayotembea. Konokono mdogo mwenye mwavuli mwekundu anatoka nyumbani. Anakutana na chura, wanagawana jani. Anamwaga maziwa, mtu anakuja na kitambaa, wanafuta pamoja. Jua linazama, wanalala. Basi.

Mara ya kwanza Nyamizi alicheka peke yake. Hadithi gani hii? Hakuna fisi, hakuna anayeliwa, hakuna mjanja wala mjinga. Lakini akamwangalia yule mtoto. Mabega yalishuka. Mdomo ukafunguka kidogo. Na palipomwagika maziwa, alishika pumzi, kila siku, ingawa alijua kitambaa kinakuja. Na kitambaa kilipokuja alipumua kama mtu mzima aliyetua mzigo. Mwenye kuchora hakuwa na haraka, na hakumpiga mtu. Nyamizi aliitazama kanda ile mara arobaini akiwa na pasi mkononi. Aliunguza mashati mawili, akakatwa mshahara, hakujuta.

Sasa alikuwa na mifuko ya saruji aliyoiokota kwenye ujenzi wa zahanati, akaichana tabaka kwa tabaka, akaipangusa, akaiunga kwa uji wa muhogo hadi ikawa ukanda mrefu kuliko ghala. Alichora kwa mkaa. Wekundu ulitoka kwenye udongo wa kichuguu, kijani kwenye majani ya kunde. Mipini miwili ya jembe iliuviringisha ukanda ndani ya sanduku, na pedeli ya baiskeli nje ndiyo iliyozungusha. Konokono alimwacha, nani hapa amlilie konokono? Akamchora ndama mwenye mwavuli.

Alizungusha. Karatasi ikanong'ona. Ndama akatokea dirishani mwa sanduku, masikio yamelala, mwavuli begani.

Hata waliokuwa wanalia walisahau kumalizia.

"Huyu anatoka nyumbani," Nyamizi alisema kwa sauti ya chini. "Anasema, asubuhi njema, mti."

Picha ya pili, ndama na kichuguu. Ya tatu, ndama na kware. Alikuwa ameanza kutabasamu, ndipo Esta, mtoto wa miaka minne mwenye sauti ya mnadani, aliposimama.

"Ndama wa nani huyu?"

"Wa kwake mwenyewe."

"Hapana. Ng'ombe ana mwenyewe. Mchungaji wake yuko wapi?"

"Anatembea tu, Esta. Kaa tuone."

"Peke yake?"

Neno hilo lilipita ghalani kama moto kwenye mabua. Nyamizi hapo ndipo alipoona alichokifanya. Mtoto wa bosi hakuwahi kuchunga kitu. Hawa walizaliwa zizini. Ndama peke yake porini, bila mama, bila mchungaji, si matembezi. Ni hasara, ni kazi, ni watu kuamka na kutafuta.

"Amepotea," alisema Tarsisi, mdogo kuliko Esta, na tayari alikuwa anatafuta ndara zake. "Naenda kumwambia babu."

"Fisi atamla," mwingine akasema.

Wa nyuma akaanza kulia, akimwita mama yake, mayu, mayu, na kilio cha mayu kikishaanza hakibaki kwa mmoja. Wakainuka. Watano, wanane. Mlango ulikuwa nusu wazi, na mlangoni lilionekana shamba, jeupe hadi upeo, na ndani ya ule weupe vichwa vya mama zao.

Nyamizi hakuwa na fimbo. Alikuwa ameiacha nyumbani makusudi. Alisimama na mikono mitupu, akaona msimu mzima unatoka mlangoni kwa miguu midogo.

Ndipo mtu akakaa kizingitini. Alikuwa Sikujua. Alikuwa amesimama nje tangu asubuhi, kikapu kitupu mkononi. Shambani hakufika, na hakuna aliyemwuliza. Alikaa chini tu, mgongo kwenye mwimo huu wa mlango, akanyoosha miguu hadi mwimo ule. Tarsisi alifika, akaitazama ile miguu, akasimama.

Nyamizi aligeuka akafungua sanduku kwa nyuma. Akachomoa mkaa kwenye nywele, akachora haraka hata mkaa ukakatika: nyuma ya mti, pembe mbili. Nyuma ya kichuguu, nundu. Kwenye nyasi za kware, ncha ya mkia.

"Rudini muone," alisema. "Nani kasema yuko peke yake? Macho yenu yanasinzia. Mama yake yuko hapo hapo. Nani anaona pembe?"

Hakuna aliyerudi. Kisha Esta, ambaye hakuweza kuvumilia jambo lijulikane na mtu mwingine kabla yake, akasogea.

"Ile pale," alisema. "Nyuma ya mti. Anamchungulia."

"Wapi?" Tarsisi aliacha ndara zake.

Wakakaa. Kuanzia hapo Nyamizi hakuwa na kazi nyingine ila kumficha mama kwa mkaa kwenye picha inayofuata, kuzungusha na kungoja. Kila picha ilipofika, ghala lote liliinama mbele likitafuta. Kwato. Kiwele. Kivuli chenye pembe majini. Ndama alipomwaga maziwa walishika pumzi, kumi na saba kwa pamoja, kama yule mng'ataji wa kambini; na mama ng'ombe alipotoa ulimi kupitia pembeni mwa picha akalamba pale palipomwagika, walipumua. Hawakupiga kelele. Walipumua tu.

"Rudia," walisema.

Alirudia kabla ya uji na baada ya uji. Walilala kwenye magunia, yeye akaendelea kuchora, akivunja mkaa vipande vipande hadi vidole vyenyewe vikawa mkaa. Walipoamka akazungusha tena.

Mabula alifika jua likiwa limeinama, nyundo ya kugongea rimu kwapani. Alimruka Sikujua kizingitini, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Kumi na sita," alisema. Hakuficha furaha yake. "Uliniambia kumi na saba. Nilisemaje, Mama Justa?"

Nyamizi alihesabu. Kumi na sita. Tarsisi hakuwepo. Alihesabu tena, akigusa kila kichwa. Alimtazama Sikujua. Sikujua alitikisa kichwa: hapa hajapita mtu. Lakini uso wake ulikuwa umekwisha kwenda lambo.

Sanduku likakohoa.

Nyamizi alizunguka nyuma yake. Tarsisi alikuwa amejikunja ndani, kati ya mipini ya jembe, uji wa muhogo kwenye nywele, anafunua karatasi.

"Namtafuta yule mama mzima," alisema. "Huku nyuma hayupo."

Mwenyekiti alicheka kabla hajakumbuka kwamba hakutaka. Alichuchumaa mbele ya dirisha la sanduku, akatazama picha iliyokuwa wazi, ndama akivuka daraja. Alitazama kwa muda.

"Hapa yuko wapi sasa?"

"Chini ya daraja," Esta alimwambia. "Wewe mzee huoni?"

Akainuka akijipangusa magoti. "Haya. Nakupa wiki moja."

"Msimu mzima."

"Ununuzi ukifunguliwa, pamba italala wapi?"

"Popote. Nje. Pamba haiamki ikaenda lambo, Mwenyekiti."

Mabula alimtazama Sikujua. Alitoka nje, na baada ya kitambo rimu ikagongwa, na mashambani wanawake wakainuka mmoja mmoja, mikono kiunoni, nyuzi za pamba kwenye vilemba. Funguo alikuwa ameziacha juu ya mizani.

Walikuja wakawachukua watoto. Wengine walilazimika kungoja, maana hadithi ilikuwa imekaribia mwisho. Ghala lilipobaki tupu, Sikujua aliingia. Alishika pedeli, akazungusha taratibu kutoka picha ya kwanza, akisimama kila mahali hadi aone: pembe, nundu, mkia. Hivyo hivyo mpaka ya mwisho, ndama amelala, mwavuli umefungwa. Hapo aliiachia pedeli, kwa sababu hapo mkaa ulikuwa umekwisha, na ubavuni mwa ndama, mahali pa mama yake, karatasi ilikuwa bado tupu.

Ghala liko wazi. Kesho wanakuja ishirini na tatu. Mkaa uko jikoni kwako, na mfuko wa saruji umefunika kuni zako. Shuka kwenye hiyo baiskeli. Lete sasa hivi.