Gunia la Kiti cha Dereva

Nilimwambia wifi mapema, tena bila kuzungukazunguka: gari halitoki hapa uani mpaka shokapu alizoziacha kaka zifungwe. Wifi alikuwa ameshafungasha. Masanduku yalikuwa kibarazani, vyombo vya jikoni kavifunga ndani ya shuka, na miguuni amevaa viatu vya safari. Alikuwa anarudi kwao kwa mama yake, na gari la marehemu mumewe alikuwa anaondoka nalo. Haki yake, sikatai. Ila mimi sikuwa na ndugu mwingine zaidi ya kaka, na hilo gari ndilo kitu pekee kilichokuwa bado kinanuka mikono yake. Roho ilikuwa inaniuma, basi nikajificha nyuma ya shokapu.

"Kwani za zamani zina nini?" wifi aliuliza.

"Zimekufa," nikasema, kisha nikajisikia vibaya. "Zimechoka, namaanisha."

Hizi mpya kaka alizinunua muda mfupi kabla ya kufariki. Alitoka asubuhi kwenda kazini, moyo ukamsimama hukohuko, hata kuagana hatukuagana. Zikabaki kwenye boksi chini ya kitanda. Ni zile ambazo springi imevikwa juu ya shokapu yenyewe, na chini ya springi kuna pete ya chuma. Ukiizungusha kwa spana yake, gari linapanda au linashuka unavyotaka.

Kufunga najua. Kaka ndiye aliyenifundisha, ingawa kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa tu. Alikuwa na sheria yake: bolti za chini, zile zenye raba, hazikazwi gari likiwa linaning'inia. Kwanza lishushwe likanyage, mtu akae kiti cha dereva, ndipo ukaze, ndipo upime kimo. Ukikaza hewani, raba zinajikunja na kupasuka mapema. Huyo mtu wa kukaa nilikuwa mimi. Akanibandika jina Gunia. "Gunia, acha kucheka, gari linatikisika," angesema kutoka uvunguni, na hapo ndipo ningezidi kucheka.

Sasa Gunia ndiye fundi, na wa kukaa hakuna. Wifi nisingemwomba, tulikuwa tumenuniana tangu juzi. Nikajaza mchanga kwenye gunia la kweli, nikaliegemeza ukutani likisubiri zamu yake.

Nilipiga jeki, nikaweka stendi za chuma, nikavua magurudumu. Bolti za zamani zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kutu mpaka nikazitukana, na wifi akatoa kichwa dirishani kuuliza kama naongea naye. Nikamwambia leo hapana. Jua lilipofika utosini shokapu zote zilikuwa zimeshaingia mahali pake, bolti za chini nimezishikiza kwa mkono tu. Nikarudisha magurudumu, nikalishusha gari juu ya vipande vya mbao nene ili nipate pa kupenya, nikaenda kulifuata gunia.

Nyuma yangu springi ikalia.

Nikageuka. Upande wa dereva gari lilikuwa limelala. Vidole vitatu vilipita kati ya tairi na bodi upande wa abiria. Upande wa dereva viwili kwa taabu. Nikasema labda pete nimezipishanisha. Nikazikagua, ziko sawasawa. Nikapandisha ile ya upande wa dereva, gari likainuka, nikapumua. Nilikuwa bado nafuta mikono liliposhuka tena, na halikushuka polepole kama springi mpya inavyotulia. Lilishuka mara moja, kwa kishindo, mpaka kioo cha mlango kikatetemeka. Kaka alikuwa mtu wa mwili. Kukaa taratibu hakujua, alikuwa anajitupa.

Nikachungulia ndani. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa, kama alivyokuwa akikiweka, na sponji yake imebonyea. Hapakuwa na mtu. Ndani ya gari palikuwa na baridi, na nje jua linachoma.

Niliogopa, sitadanganya. Lakini zaidi ya kuogopa nilifurahi, furaha ya kijinga kabisa. Nikarudisha pete pale ilipokuwa, nikajilaza chali, nikaingia uvunguni.

"Gunia leo ni wewe," nikamwambia. "Tulia hivyohivyo."

Nikakaza bolti moja baada ya nyingine. Kisha gari likaanza kutikisika juu ya uso wangu, kidogokidogo, kama mtu anayezuia kicheko.

Nilipotoka nilikuwa nimeshaamua. Gari haliendi popote. Ningewezaje kumruhusu wifi amchukue kaka? Nikamwita wifi, nikamwonyesha.

"Limelala upande wa dereva," nikasema. "Sielewi limepatwa na nini. Huwezi kusafiri nalo hivi. Acha likae, nitakuletea baadaye."

Wifi aliinama, akaangalia tairi, akaangalia kiti. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa, lakini uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote tangu msiba.

"Lilikuwa linakaa hivi akiwa ndani," akasema.

Akafungua mlango wa dereva. Sauti aliyotumia sikuwahi kuisikia, sauti ya chumbani mwao.

"Sogea, baba. Leo naendesha mimi."

Springi ikalia. Upande wa dereva ukapanda, wa abiria ukazama. Wifi akasogeza kiti mbele, akakaa, na gari likawa limenyooka sawa. Akanyoosha mkono, akauvuta mkanda wa kiti cha abiria, akaufunga. Mkanda haukulala juu ya kiti. Ulibaki umetuna, mbali na kiti, kwa unene ule ninaoujua.

Nikapakia masanduku. Hasira zote zilikuwa zimeniishia, nimebaki na uchungu mtupu. Nikalishusha gari kutoka juu ya zile mbao, nikafungua geti.

Wifi aliwasha gari, akalisogeza mpaka nilipokuwa nimesimama. Akashusha kioo. Hakushusha cha kwake, alishusha cha upande wa abiria, kisha akageuza uso akatazama pembeni kutupa nafasi.

Baridi ikanigusa mashavuni.

"Haya, kaka," nikasema. "Nenda naye. Asikimbize gari, hajazoea."

Wakatoka. Kwenye tuta la getini gari lilipanda na kushuka laini, halikugonga popote. Niliwatazama mpaka wakakata kona, kisha nikaenda kukaa juu ya lile gunia la mchanga, nikalia.