Mita Elfu Nne za Kijivu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Asubuhi ile nilikuwa nimebana simu begani, nagombana na wakala wa forodha aliyetaka karatasi niliyokwisha kumpelekea mara mbili, huku mikono ikifunga bahasha ya kwenda ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kitambaa, ukubwa wa leso, chenye sahihi ya Mama. Nilikifunga bila kukitazama. Miaka kumi na sita hakuna aliyewahi kukagua kazi ya Mama, sembuse mimi.

Karakana yetu inashona sare za wauguzi. Kitambaa tunakiagiza kutoka kiwanda kimoja cha mbali, safari ya siku thelathini na tano melini. Kabla hawajafuma, hututumia vipande vya mfano vya rangi na uzito mbalimbali. Mama huketi navyo dirishani, akavilowesha, akavikamua, akavisugua kwenye kitambaa cheupe aone kama vinachuja rangi. Kisha huchomoa uzi, akauchoma na kuunusa. Majivu yakisagika kama unga, hiyo ni pamba. Yakigeuka kidonge kigumu, Mama husonya, na kipande kinarudi kilikotoka. Kile kinachomridhisha hukikata katikati na kutia sahihi nusu zote mbili kwa wino usiofutika. Moja tunabaki nayo, nyingine inarudi kiwandani. Mkataba unasema kitambaa chenye sahihi ndicho neno la mwisho, hata kama karatasi ya oda inasema vingine.

Mafundi wanamwita Mkaguzi Mkuu. Akipita kati ya cherehani, hata Fundi Vifungo, ambaye mdomo wake haujui likizo, hunyamaza.

Lakini miezi ile Mama alikuwa ananichosha. Alimwaga chai juu ya nyaraka. Alimpa Fundi Vifungo uzi mweusi badala ya wa bluu, akasema ni utani. Akaanza kuomba atungiwe sindano.

"Mama, siku hizi akili yako iko wapi?" nilimuuliza siku moja, tena kwa ukali.

"Iko mapumzikoni," akacheka. "Itarudi."

Nami, kwa ujinga wangu, nikaridhika na kicheko.

Wiki mbili baada ya bahasha kuondoka, nilipata ujumbe kutoka kwa Dada wa Kiwandani. Ndivyo tunavyomwita mwanamke anayeshughulikia oda zetu huko. Hatujawahi kuonana. Tunaandikiana kwa lugha ya kuungaunga, isiyo yake wala yangu, na kwa kawaida haandiki mengi: meli imeondoka, nyaraka ziko njiani, msalimie Mama. Safari hii aliandika kwa kirefu.

"Dada, oda yenu inasema bluu. Kipande chenye sahihi ni cha kijivu. Tena sahihi iko upande wa nyuma, na nusu yake imetoka nje ya ukingo. Mitambo ilipaswa kuanza jana. Nimeizuia. Tafadhali tazama picha."

Alikuwa ametoa kabatini vipande vyetu vyote vya miaka kumi na sita, akavipanga mezani mwaka baada ya mwaka. Sahihi za mwanzo zilikuwa ndogo, zimenyooka. Za miaka mitatu ya mwisho zilianza kunenepa. Halafu zikainama, kila moja zaidi ya mwenzake, mpaka ile ya mwisho ambayo ilianguka pembeni, herufi tatu tu zikasalia. Chini ya picha aliandika, "Mama anaumwa?"

Nilikaa palepale juu ya marobota ya kitambaa. Mita elfu nne za kijivu! Hospitali tunayoishonea isingezipokea, na kiwanda kingekuwa na haki yake yote. Lakini si hilo lililonikata maini. Niliona aibu. Mtu asiyeijua hata sura ya mama yangu alikuwa amemwangalia vizuri kuliko mimi ninayekula naye kila siku.

Nikachukua ile nusu yetu, nikamfuata dirishani.

"Mama, hii rangi gani?"

Akaipapasa. "Bluu."

"Tazama tena." Akaisogeza karibu na pua, akaielekeza kwenye mwanga, kisha akaishusha mapajani taratibu.

"Si bluu," akasema.

"Tangu lini, Mama?"

"Jicho la kulia, mwaka juzi. La kushoto lilikuwa linanibeba. Sasa nalo limechoka. Naona kama kuna moshi."

"Na hukuniambia!" Sauti ilinitoka kubwa, cherehani zote zikasimama.

"Ningekwambia ungenirudisha nyumbani nikapumzike. Nikiondoka hapa dirishani, mwanangu, nitakuwa nani?"

Nilikuwa na jibu, tena la moto. Badala yake nikaanza kulia mbele ya mafundi wote, nimeshika magoti yake. "Nisamehe, Mama. Nilikuwa namgombeza mtu asiyeona."

"Hata mimi ningejigombeza," akasema, akinifuta kwa ukosi wa sare iliyokuwa karibu. "Ile chai ilikuwa na sukari nyingi."

Nyuma yetu Fundi Vifungo akakohoa. "Mkaguzi Mkuu, kwa hiyo ule uzi mweusi haukuwa utani?"

"Haukuwa."

"Mungu anisamehe. Nilicheka siku nzima."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, nasi tukamfuata.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anatolewa bila shida. Ila zamu ya Mama ilikuwa baada ya wiki sita, na oda isingesubiri hivyo. Nikamweleza Dada wa Kiwandani ukweli wote. Akajibu kwamba anatuma vipande vipya kwa ndege, viwili, vyote vya bluu, na kwamba mitambo atatuzuilia kwa wiki tatu tu.

Vilipofika, Mama aliweka mikono nyuma. "Tia sahihi wewe. Mimi basi."

"Rangi nitaangalia mimi," nikamwambia. "Mengine siyajui. Nani atanusa?"

Mama akanyoosha mkono. Akavilowesha, akavikamua, akachoma nyuzi na kuzinusa. Machoni mwangu vilikuwa mapacha. Yeye akakitupa kimoja mezani.

"Pamba, lakini nyepesi. Hii itachanika kwapani kabla ya mwaka kuisha. Chukua hiki kingine."

Nikakikata katikati, nikageuza nusu ya kwanza upande wa mbele. Nikamshika kidole cha mkono wa kushoto nikakiweka pa kuanzia. Akaandika polepole, ameuma mdomo.

"Imenyooka?"

Tulikuwa tumedanganyana vya kutosha.

"Imepanda juu, Mama. Lakini yote imo ndani ya kitambaa."

Akashusha pumzi, akaivuta nusu ya pili.

"Haya," akasema, akinipa kidole. "Nionyeshe tena pa kuanzia."